Je, Wajua? Waliotumia Umri Wao Kuisoma Kwale ya Kale

Kati ya mwaka 1300 na 1800, pwani ya kusini ya Kenya, kutoka Tiwi hadi Vanga, ilikuwa na miji yenye misikiti ya mawe, makaya, yaani vijiji vya Wamijikenda kama Wadigo na Waduruma, vilivyojificha msituni, na madiwani, yaani watawala, waliopigiwa siwa. Walioishi wakati huo waliacha maandishi machache sana. Tunayoyajua leo yametokana na watu waliotumia miaka mingi kuhoji hasa mashahidi wa aina nne: mawe, vigae, hati za wageni na vinywa vya wazee. Mashahidi hao hawakubaliani kila mara, na hapo ndipo kazi ya mwanahistoria inapoanza.

1. Jina la Kwale linatajwa na wanaakiolojia hadi Msumbiji

Je, wajua kwamba Kwale ni jina la aina ya vyungu? Mwaka 1967, katika jarida la Azania, mwanaakiolojia Robert Soper alieleza mabaki ya kijiji cha wakulima na wafua chuma aliyoyachimbua Kwale. Umri wake ulikadiriwa kuwa karibu karne ya tatu baada ya Kristo. Vyungu vya mtindo huo vilipoonekana sehemu nyingine za Afrika Mashariki na kusini zaidi, wataalamu waliviita kwa jina la mahali vilipotambuliwa kwanza. Ndiyo maana mwanafunzi wa Maputo anaweza kulijua jina la Kwale bila kuwahi kuiona milima ya Shimba. Kwa anayesoma karne za baadaye, vigae hivyo vina maana kubwa: miji ya mawe ilipojengwa, watu walikuwa wamekwisha kulima nchi hii kwa miaka elfu moja.

2. Ibn Battuta aliipita Diani baharini

Mwaka 1331 msafiri huyo wa Morocco alilala usiku mmoja Mombasa, kisha akaendelea na safari ya Kilwa. Njia yake ilipita mbele ya Diani, Msambweni na Wasini, lakini hakuzitaja. Kuhusu Mombasa alitaja ndizi, samaki, misikiti ya mbao iliyojengwa imara, na nafaka iliyoletwa kutoka bara ya pwani. Mwanahistoria mzoefu husoma habari kama hiyo mara mbili. Kwanza anatafuta kilichosemwa. Kisha anajiuliza: ikiwa kisiwa hakikulima nafaka, ni nani waliokilisha? Msafiri hakusimulia lolote juu ya wakulima wa bara, lakini chakula alichokiona kinawashuhudia.

3. Mpimaji wa misikiti yetu alilazimika kuihama nchi

Diani, Mto Mwachema unapoingia baharini, upo Msikiti wa Kongo, uliojengwa kwa mawe ya matumbawe na kuzungukwa na mibuyu. Umri wake hukadiriwa kuanzia karibu karne ya 14, na hadi leo watu wanaswali ndani yake. Misikiti mingi ya rika lake imebaki magofu.

Majengo ya namna hii hayana tarehe ukutani. Huwekwa kwenye wakati wake kwa kulinganisha kibla, matao, milango na vipimo. Aliyeifanya kazi hiyo kwa upana wa pwani nzima ni Peter Garlake, msanifu majengo aliyegeuka mwanaakiolojia. Kitabu chake juu ya usanifu wa Kiislamu wa Afrika Mashariki kilitoka mwaka 1966. Alifanya kazi pia Rhodesia, Zimbabwe ya leo, na kushughulikia magofu ya Great Zimbabwe. Serikali ya walowezi ilitaka isemwe kwamba Waafrika hawakuyajenga. Garlake alikataa, na mwaka 1970 ikambidi aihame nchi.

4. Tetemeko la Lisbon liliharibu sehemu ya historia yetu

Tarehe 1 Novemba 1755, Lisbon ilitikiswa na tetemeko, ikapigwa na mawimbi, kisha ikaungua. Miongoni mwa vilivyopotea ni nyaraka za Casa da Índia, ofisi iliyosimamia biashara na meli za Ureno katika Bahari ya Hindi. Hifadhi nyingine, Torre do Tombo, iliporomoka, lakini nyaraka zake nyingi ziliokolewa kwenye kifusi. Kwa hiyo anayetafiti pwani ya miaka ya 1500 na 1600 hulazimika kuunganisha vipande: barua zilizosalia Lisbon, nakala zilizohifadhiwa Goa, na ripoti za mapadri. Pengo likionekana katikati ya habari, si lazima iwe kwamba hapakutokea kitu. Huenda karatasi iliungua Ulaya.

5. Profesa asiye na shahada, na mfanyabiashara aliyeandika historia

Charles Boxer, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1904, alikuwa mwanajeshi. Wajapani walimteka Hong Kong mwaka 1941, na alibaki mfungwa hadi vita vilipomalizika. Hakuwahi kusomea shahada ya chuo kikuu. Hata hivyo mwaka 1947 King's College ya London ilimpa kiti cha uprofesa wa masomo ya Kireno, kwa sababu ya maandishi aliyokuwa amekwisha kuyachapisha na lugha alizozimudu. Mwaka 1960, yeye na Carlos de Azevedo walitoa kitabu juu ya Ngome ya Yesu na Wareno wa Mombasa.

Kabla yake alikuwepo Justus Strandes, mfanyabiashara Mjerumani aliyefanya kazi katika pwani yetu. Mwaka 1899 alichapisha historia ya kipindi cha Wareno ambayo watafiti wanairejea hadi leo. Tafsiri yake ya Kiingereza ilisubiri hadi mwaka 1961.

6. Huenda mababu wa Wamijikenda wametajwa juu ya lango la Ngome ya Yesu

Wengi hupita chini ya lango hilo bila kuyasoma maandishi ya Kireno yaliyochongwa kwenye jiwe la mwaka 1639. Humo Francisco de Seixas de Cabreira, aliyekuwa nahodha wa ngome, anajisifu jinsi alivyoirudisha pwani chini ya mfalme wa Ureno. Anadai kuwa aliwatoza kodi wafalme kadhaa, akabomoa kuta za Pate na Siyu, akaiadhibu Pemba, na akawaadhibu pia watu anaowaita Musungulos. Kwa jina hilo Wareno waliwataja wakazi wa bara karibu na Mombasa, na wanahistoria wengi huwahusisha na mababu wa Wamijikenda.

Majigambo hayo yalikuja baada ya uasi wa Agosti 1631, pale Sultani Yusuf bin Hassan, aliyelelewa na Wareno na kubatizwa Dom Jerónimo, alipoiteka ngome na kurudi katika Uislamu. Tunaujua uasi huo kwa undani kutokana na ushahidi wa kiapo uliochukuliwa na Kanisa ili kuwatambua waliouawa kuwa mashahidi wa dini. Mwanahistoria G. S. P. Freeman-Grenville aliuchapisha mwaka 1980. Ni hati nzuri, lakini imetoka upande mmoja tu wa ugomvi.

7. Wasegeju waliingia vitabuni kabla ya Wadigo

Padri João dos Santos alichapisha Ureno, mwaka 1609, kitabu chake juu ya Afrika ya Mashariki. Humo anasimulia habari za mwaka 1589: Wazimba, baada ya kuishambulia Kilwa, waliingia Mombasa, kisha wakaelekea Malindi. Hapo walivunjwa nguvu na wapiganaji wa Kisegeju waliokuja kuwasaidia wenyeji na Wareno wachache waliokuwepo. Leo Wasegeju wanaishi upande wa kusini, kutoka Kwale hadi Tanga. Jinsi walivyohama kutoka jirani ya Malindi hadi huku haikuandikwa na padri yeyote. Imehifadhiwa katika masimulizi ya koo zao, na mtafiti anapaswa kuyaweka masimulizi na kitabu meza moja.

8. Vumba Kuu: wazee walisimulia fahari, udongo ukatoa vyungu vya kawaida

Karibu na mpaka wa Tanzania, upande wa Vanga, yapo magofu ya Vumba Kuu. Ni mji ambao Wavumba wa Wasini na Vanga wanautaja kuwa chimbuko lao. Mwaka 1900 A. C. Hollis, afisa wa serikali ya kikoloni mwenye umri wa miaka 26, alichapisha historia ya Vumba kama alivyoipata kwa wenyeji: asili ya Kishirazi, kuja kwa masharifu, na orodha ya madiwani. Hollis alipanda cheo hadi kuwa mwakilishi wa Uingereza (Resident) Zanzibar na kisha gavana wa Trinidad, lakini kwa watu wa Vumba alama yake kubwa ni kurasa zile chache. Mwaka 1939 A. E. Robinson aliongeza yake katika jarida la Tanganyika Notes and Records.

Katika masimulizi hayo, diwani hakutambulika kwa kurithi tu. Alipaswa kusimikwa kwa karamu kubwa, na kuwa na vifaa vya enzi, siwa na ngoma zikiwemo. Asiyeweza kulisha watu hakuweza kuwatawala.

Mwanaakiolojia Stephanie Wynne-Jones alipochimba Vumba Kuu katika miaka ya 2000, alikuta mji wa kiasi. Msikiti na ukuta vilikuwa vya mawe. Nyumba za watu zilikuwa za miti na udongo, na vyombo kutoka ng'ambo vilikuwa vichache kuliko mtu angetarajia kwa makao ya wakuu. Angeweza kuhitimisha kwamba wazee walitia chumvi. Katika makala yake ya mwaka 2010 alifuata njia nyingine: huenda enzi ya Vumba haikukaa katika majumba na sahani za China, bali katika sherehe, vifaa na mahali penye kumbukumbu. Vizazi vilivyofuata vilirudi kwenye magofu hayo na kuipanga upya historia ili iwafae kwa wakati wao. Nyama iliyoliwa karamuni haiachi jumba nyuma yake.

9. Mbinu ya kuwahoji wazee wa kaya ilitoka kwa msomi wa Ulaya ya zama za kati

Jan Vansina, Mbelgiji aliyezaliwa mwaka 1929, alisomea Leuven historia ya Ulaya ya zama za kati. Alikuwa amezoea tenzi za maombolezo na hati zilizonakiliwa kwa mkono mara nyingi, kila mnakili akiongeza makosa yake. Mwaka 1952 alitumwa Congo kufanya utafiti kwa Wakuba. Wakati ule maprofesa wengi waliamini kwamba pasipo maandishi hapana historia. Vansina alipowasikiliza Wakuba, alitambua kwamba shairi linalokaririwa na hati inayonakiliwa huulizwa maswali yaleyale: nani alilisema kwanza, lilipita kwa nani, nani anafaidika nalo, na matoleo yake yanatofautiana wapi? Kitabu chake cha mwaka 1961 juu ya mapokeo ya mdomo kilibadilisha somo la historia ya Afrika.

Vansina alifundisha Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, na huko ndiko Thomas Spear alikopata shahada ya uzamivu. Spear alikuja pwani mwanzoni mwa miaka ya 1970 kukusanya masimulizi ya wazee wa Kimijikenda, wa Kidigo na wa Kiduruma wakiwemo. Kitabu chake, The Kaya Complex, kilichapishwa Nairobi mwaka 1978. Safari ya mbinu hiyo kutoka maktaba ya Leuven hadi chini ya miti ya kaya ilichukua takribani miaka ishirini.

10. Ugomvi wa Singwaya umedumu zaidi ya miaka hamsini

Karibu kila mzee wa Kimijikenda atakwambia kwamba watu wake walitoka Singwaya, kaskazini, na wengi hutaja Wadigo kuwa wa kwanza kuondoka. Spear aliyapokea masimulizi hayo kuwa kumbukumbu ya uhamaji wa kweli, uliofika pwani ya Kenya katika karne ya 16. Lakini mwaka 1972 R. F. Morton alikuwa amekwisha kuandika kwamba habari za Singwaya hazionekani kwa Wamijikenda katika maandishi kabla ya mwisho wa karne ya 19. Kwa hiyo, alisema, zimetokana na siasa za wakati huo. James de Vere Allen aliona kinyume: kwake Singwaya ilikuwa dola kubwa ya kale, mama wa Waswahili pia. Kitabu chake kilitoka mwaka 1993, baada ya yeye kufariki. Mwaka huohuo Justin Willis alionyesha kwamba hata kujitambulisha kwa jina moja la Mijikenda kulienea katika karne ya 20 tu.

Wachimbaji nao wakaingia kati. Henry Mutoro, aliyekuja kuwa naibu makamu mkuu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliandika tasnifu ya mwaka 1987 juu ya akiolojia ya makaya. Richard Helm, katika tasnifu aliyoitoa Bristol mwaka 2000, alionyesha kwamba wakulima waliishi bara ya pwani karne nyingi kabla ya karne ya 16, bila dalili ya watu wapya kuja kwa mkupuo na kufuta waliokuwepo.

Je, wazee walidanganya? Si lazima. Koo chache zaweza kuhama kweli, kisha habari yao ikawa ya wote waliowapokea.

11. Kaya Kinondo ni urithi wa dunia, na ina masharti yake

Mwaka 2008 UNESCO iliyaingiza makaya ya Wamijikenda katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kwale ina Kaya Kinondo ya Wadigo, jirani na hoteli za Diani, na makaya ya Waduruma ya Mtswakara na Gandini. Serikali ya Kenya ilianza kuyatangaza makaya kuwa kumbukumbu za taifa mwaka 1992, na kitengo cha Makumbusho ya Taifa cha kuhifadhi misitu ya pwani kikaweka ofisi Ukunda. Anayeingia Kinondo hufungwa kaniki na kufuata maagizo ya wazee. Mtafiti hana ruhusa maalumu. Panapokatazwa mgeni hapachimbwi, hata kama swali lake ni zuri kiasi gani. Zipo kurasa za historia ambazo wenyewe wamechagua zisisomwe.

12. Historia kamili ya pwani ya kusini imelala katika tasnifu

Mwaka 1975 William McKay aliwasilisha Chuo Kikuu cha Boston tasnifu juu ya historia ya pwani ya kusini ya Kenya kabla ya ukoloni: Wadigo, Wavumba, Wasegeju na uhusiano wao. Wataalamu wanaoandika juu ya Vumba au Wadigo huirejea tena na tena, lakini msomaji wa Msambweni hawezi kuikuta katika duka la vitabu. Hali hiyo si ya ajabu kwa taaluma hii. Miaka mitano au sita ya kazi huweza kuishia katika nakala chache za maktaba, ikisomwa na wenye taaluma peke yao.

13. Kivumba na Kichifundi ni hifadhi ya nyaraka

H. E. Lambert, aliyekuwa afisa wa utawala wa kikoloni, alichapisha kijitabu juu ya Kivumba, lahaja ya Kiswahili ya pwani ya kusini, mwaka 1957, na mwaka uliofuata kingine juu ya lahaja ya Kichifundi. Kwa wengi vilikuwa vitabu vya sarufi tu. Mwaka 1985 Derek Nurse na Thomas Spear walionyesha manufaa ya kazi ya namna hiyo kwa historia: kwa kulinganisha lahaja za Kiswahili na lugha za Kimijikenda, walithibitisha kwamba zote zimetoka katika ukoo mmoja wa lugha za Kibantu za pwani. Hoja ya kale kwamba Waswahili ni wageni kutoka ng'ambo ilipoteza msingi wake mkuu bila hata jembe moja kugusa udongo.

14. Makaburi yalisema kweli mbili kwa pamoja

Mwezi Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa katika miji ya pwani kama Mtwapa, Manda, Faza na Kilwa, pamoja na mji mmoja wa bara, kati ya mwaka 1250 na 1800. Miongoni mwa viongozi wa kazi hiyo ni Chapurukha Kusimba, Mkenya aliyechimba pwani kwa miongo kadhaa.

Kwa miaka mingi wasomi walikuwa wameyaweka kando masimulizi ya Kishirazi, wakiyaona kuwa njia ya watu wakubwa kujipatia nasaba tukufu. Matokeo yalionyesha kwamba watu wengi waliozikwa mijini walikuwa na zaidi ya nusu ya asili yao kutoka Afrika, hasa kwa upande wa mama. Pia walikuwa na mababu kutoka Asia, wengi wao wanaume wa Uajemi, na kuchanganyika kulianza karibu mwaka 1000. Baada ya mwaka 1500, asili ya Kiarabu ikaongezeka. Hivyo mwalimu aliyesema mji ni wa Waafrika alikuwa sahihi, na mzee aliyesema babu yake alitoka Uajemi hakuota ndoto.

Orodha ya miji hiyo haina Vumba Kuu, Wasini wala Diani. Masimulizi ya Kishirazi ya pwani ya kusini bado hayajalinganishwa na ushahidi wa namna hiyo, na kama siku moja yatalinganishwa, wenye makaburi ndio watakaoamua. Kwa wageni kama Spear, McKay na Hollis, lugha za huku zilikuwa hatua ya kwanza ya kuvuka. Kijana wa Msambweni au Vanga anayezungumza Chidigo nyumbani na kusikia Kivumba sokoni amekwisha kuvuka hatua hiyo. Akiongeza Kiarabu au Kireno, ataweza kuzipima mwenyewe habari ambazo hadi sasa zimesimuliwa zaidi na waliokuja kwa meli.